Jivu la Juu ya Kisima

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Asubuhi mawingu mazito mashariki, upepo wa vumbi, mvua hapana. Joto la kukausha koo.

Lori limeleta jivu la kiwanda kutoka stesheni ya Usoke. Limekwenda na kurudi kutwa nzima. Mbolea ya dukani haijaja mwaka huu na wakulima wa tumbaku wananung'unika, kwa hiyo Ngollo, mume wangu, ambaye ndiye bwana shamba wa kijiji chetu cha Ulindwa, amezunguka kwa wakubwa tangu Agosti mpaka akapata habari ya jivu hili. Ni masalio ya tanuru, na kiwanda chenyewe hakijui pa kuyatupa. Tumepewa bure. Anasema mchanga wetu una uchachu, na jivu huondoa uchachu. Nami nilifundishwa hivyo hivyo sekondari.

Dereva alikataa kuteremka mpaka mashambani kwa kuogopa kukwama. Mzigo wote ameumwaga ukingoni mwa mbuga, juu kidogo ya kisima cha wapagazi. Lundo limepita paa la nyumba yetu. Hicho ndicho kisima pekee tulicho nacho tangu watu walipohamishiwa hapa mwezi wa Juni. Wazee wanasema misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa ikilala pale, na hakijakauka hata mara moja.

Mama mkwe alichovya kidole kwenye jivu, akalamba. "Linauma ulimi," akasema, akacheka. "Hili litatoa magadi ya kweli."

Chumvi haijaonekana duka la ushirika tangu baada ya Idi, na mboga tunaunga kwa magadi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza, alfajiri, fupi. Lundo linatoa harufu kama ya kiberiti kilichozimwa.

Jumatano, 20 Novemba

Jua kali, upepo. Leo kila balozi ametoa watu wa nyumba zake kumi kusambaza jivu, nami nimetoa darasa langu la tatu. Watoto walibeba kwa vikapu na kumwaga kwa mikono, wakiimba. Upepo ukaturudishia lote usoni. Tulirudi weupe kuanzia nywele mpaka kucha.

Limbu, jirani yetu, alinipungia mkono kutoka shambani kwake. "Mwalimu! Leo sote Waarabu! Tutakuja Tabora, Cheyo, kwa baba yako Mwarabu kudai urithi!"

Nilicheka mpaka machozi yakachora mistari mashavuni. Bintiye Siwema, wa miaka minne, alikuwa juu ya lundo akiteleza kwa makalio.

Ijumaa, 29 Novemba

Mawingu, manyunyu saa tisa alasiri.

Nimemtazama mama mkwe akichuja magadi. Anachukua chungu kikuukuu kilichotobolewa kitako, anatandika majani makavu ndani, anajaza jivu, analishindilia kwa ngumi, kisha anamimina maji juu polepole. Chini anaweka bakuli. Maji yanakawia, halafu yanaanza kudondoka, tone moja moja, rangi ya chai. Siku zote hutumia jivu la mabua ya mtama, lakini la kiwanda, anasema, ni kali mara tatu na halina kazi ya kuchoma. Wanawake wa upande wetu wote wamekuja na vibakuli.

"Mkamwana wangu huyu amesoma vitabu vyote," aliwaambia, "lakini mlenda wake unakaa kama maji ya kunawia. Uletwe mezani uone mume anavyotafuta safari ya Tabora!"

Mlenda wa leo ulivutika vizuri. Tufaha, binti yangu, alilamba vidole vyote kumi akataka na vya bibi yake.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua usiku kucha, asubuhi ukungu. Sikukuu ya Uhuru. Mwenyekiti Masele amemsifu Ngollo mbele ya mgeni kutoka wilayani. Mahindi yamekuwa ya kijani cheusi, hata mimi sijapata kuona. Nilijisikia fahari, na ninaandika hivyo bila haya.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua. Limbu anaumwa tumbo. Anasema limesokotwa kama kamba ya kitanda, na choo hapati. Mama mkwe amempelekea mlenda.

Alhamisi, 26 Desemba

Mvua kubwa mchana, jioni shwari.

Nilikwenda kisimani na ndoo wakati wa magharibi. Maji yamepanda karibu na ukingo, na kijito chembamba cha kijivu kinateremka kutoka penye lundo, kinaingia moja kwa moja. Nilichota, nikatwika ndoo, nikasimama. Kuna jambo lilikuwa limenipa wasiwasi nami sijui ni jambo gani. Nilifika nusu ya njia ndipo nikatambua: vyura. Baada ya mvua kama ile mbuga nzima huwa inapiga kelele mtu hasikii mwenziwe. Leo hakulia hata mmoja.

Nilipomwambia Ngollo alisema labda wamehama. Sikuuliza wamehamia wapi.

Jumatano, 1 Januari 1975

Mvua. Tufaha hakula.

Jumatatu, 6 Januari

Mawingu. Shule imefunguliwa. Darasa langu limepooza. Watoto wanalala juu ya madawati, wawili walitoka kwenda kujikunja chini ya ukuta wameshika matumbo. Mmoja wao, mtoto wa Nikolaus, aliyekuwa akisoma kama maji Novemba, leo alilitazama neno "mkate" muda mrefu akaanza kulia.

Niliwauliza wangapi wanaumwa tumbo. Mikono ilikuwa mingi nikaacha kuhesabu.

Jumatatu, 13 Januari

Jua asubuhi, radi mbali mchana.

Muuguzi Apolinaria amekuja kutoka zahanati ya Usoke kupima watoto. Nilimpeleka kwa Limbu. Viganja vya Limbu sasa vinaning'inia, hawezi kuinua kikombe, mkewe anamnywesha.

"Sista, usinione hivi," alimwambia. "Nafanya mazoezi ya ubosi. Mabosi hawainui kitu."

Apolinaria hakucheka. Alimwambia apanue mdomo, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga wa mlango. Alitazama sana. Kisha akaniita nje.

"Mwalimu, kuna mstari mweusi kwenye fizi, pale zinapokutana na meno. Nimewahi kuuona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi. Alikuwa fundi aliyeyeyusha betri za magari. Ni madini ya risasi. Hapa mnayeyusha nini?"

"Hatuyeyushi kitu."

"Basi kuna kitu mnakula."

Nilirudi nyumbani nikachukua kioo cha Ngollo cha kunyolea, nikaenda dirishani, nikavuta mdomo wa chini. Upo. Ni mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Nikasugua kwa kidole, kisha kwa mswaki mpaka damu ikatoka. Haufutiki.

Nilimwomba mama mkwe apanue mdomo, nikasema nataka kuona jino lake bovu. Upo. Ngollo, alipokuwa akicheka na mtu mlangoni, niliuona bila kumwomba. Tufaha alikuwa amelala. Nilisimama juu ya kitanda chake kitambo, nikashindwa kumfungua mdomo. Nikamfungua. Juu ya meno yake madogo, upo.

Jumanne, 14 Januari

Mvua tangu asubuhi, haikukatika.

Nimemwambia mama mkwe asichuje tena jivu la kiwanda. Nilisema kwa upole, nilivyoweza.

"Nimelea watoto saba kwa magadi," akasema. "Saba! Na mume wako akiwemo. Leo ndiyo yamekuwa sumu?"

"Si magadi, mama. Jivu."

"Jivu ni jivu. Kaa hapo." Alinivutia kigoda. "Kaa, nichuje mbele ya macho yako, uone kama kuna kitu ninatia."

Akajaza chungu, akashindilia, akamimina maji. Tukakaa wawili barazani, mvua ikinyesha nje ya upenu. Maji yalitulia juu ya jivu, yakazama. Halafu tone la kwanza likaanguka bakulini, na la pili.

Ndipo nikainua macho. Nikaliona lundo kule juu, na mashamba yaliyokuwa meupe mwezi wa Novemba, na mvua ikiyanyeshea yote, na mteremko mzima ukishuka, na chini kabisa kisima.

Mama mkwe aliniuliza natazama nini. Nikasema natazama mvua. Nikaingia ndani nikamwaga maji yote ya mtungini, kisha nikakaa sakafuni, kwa sababu hakuna kisima kingine.

Jumatano, 15 Januari

Manyunyu. Nimeweka masufuria na madebe chini ya upenu, tunakunywa ya mvua. Nimemweleza Ngollo yote: fizi, chungu, kisima. Alisikiliza hadi mwisho. Anasikiliza vizuri, ndiyo sababu nilimpenda.

"Mama Tufaha," akasema, "unajua unachoomba?"

"Naomba kisima kifungwe."

"Kikifungwa watu watakunywa wapi? Kwenye mahame yao. Na mtu akirudi kwenye hame lake kuchota maji, kesho atapalilia shamba lake la zamani, keshokutwa ataezeka. Kijiji kitakuwa kimekwisha. Unakumbuka Juni nyumba zilivyochomwa ili wahame? Watachomewa mara ya pili. Na mimi nitaambiwa nimehujumu."

"Na jivu?"

"Jivu nimelileta mimi." Alisema polepole, kama anayejaribu kiatu. "Tusubiri. Nitauliza wilayani."

"Umeona fizi za mwanao?"

Alitoka nje. Alikaa kwenye mvua kama mtu asiyeiona.

Jumapili, 19 Januari

Mawingu asubuhi, jua mchana.

Mkutano wa kijiji. Nilisimama nikasema yote. Niliona wanawake wakishika vinywa vyao.

Mwenyekiti Masele alitabasamu. Si mtu mbaya, ana watoto sita wanaokunywa pale pale. "Ndugu wananchi," akasema, "mwalimu wetu ni mtoto wa mjini. Babu zake walipita hapa na misafara yao, wakanywa kisima hiki, wakashiba, wakaondoka na mali. Leo mjukuu anasema ni sumu! Basi wapagazi wangefika Ujiji?" Watu wakacheka. "Tumuulize mtaalamu. Bwana shamba, maji haya yana nini?"

Maji yakachotwa kwa kata. Ngollo akaipokea. Nilimtazama anitazame, hakunitazama. Akanywa yote, koo likipanda na kushuka, akageuza kata juu chini kuonyesha hakuna kilichobaki.

Walipiga makofi.

Nimeolewa na mwoga. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatano, 22 Januari

Hakuna mvua. Masufuria ya upenuni yamekauka. Siwema wa Limbu amefariki saa nane mchana. Wanasema degedege. Alijikunja, akakaza meno, akatikisika mpaka akaacha. Limbu alitaka kumshika na mikono yake haikushika. Mkewe alimwekea mtoto mapajani, yeye akamwinamia na kidevu.

Hakusema mzaha.

Kwenye mazishi tulipewa maji ya kunawa mikono kutoka kisima kile.

Ijumaa, 24 Januari

Jua. Hakuna wingu hata moja.

Nimempa Tufaha maji ya kisima. Tangu juzi nilikuwa nampa vijiko vya maji yaliyobaki, na jana yakaisha, na tangu asubuhi alikuwa akilia midomo imekauka. Nilichemsha nikijua kuchemsha hakutoi madini. Nilimpa nusu kikombe. Niliuona mkono wangu ukimpa.

Adhuhuri ametapika. Alasiri nilimsimamisha, magoti yakakunjika, akakaa. Ana karibu miaka miwili na alianza kutembea akiwa na mwaka mmoja. Nikamsimamisha tena, akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Nikamwambia, "Sema mama." Hakusema. "Sema bibi." Hakusema.

Saa kumi na moja jicho moja likaanza kucheza, kisha mkono, kisha mwili wote. Nilipiga ukelele. Ngollo alikuja mbio kutoka shambani. Akamlaza ubavu, akamshika kichwa kisigonge, na wakati wote alikuwa akisema neno moja tu, "Bado, bado, bado," sijui akimwambia nani. Ilipoachia mtoto alikuwa baridi na mzito.

Mama mkwe alisimama mlangoni. Alitazama chungu chake cha kuchujia kilichokuwa barazani, akatazama mikono yake. Alikaa chini pale pale, akafunika kichwa chake kwa khanga.

Ngollo alitupakia kwenye baiskeli. Tulifika Usoke gizani, na treni ya kutoka Kigoma ilichelewa, Mungu ana huruma. Treni ilipoingia alimpandisha mtoto, akanipandisha na mimi, akabaki chini.

"Hupandi?"

"Nikipanda, kesho watachota," akasema.

Sikumwelewa. Nilikuwa na hasira nyingi za kutosha kutoelewa. Sikumuaga.

Jumamosi, 25 Januari. Tabora

Sijui hali ya hewa. Wodi haina dirisha upande wetu. Degedege mara mbili. Daktari amesikia habari yangu yote bila kunikatiza, amemtazama fizi, ametoa damu. Kuna dawa ya kuyatoa madini mwilini, inatoka Dar es Salaam, ameiagiza kwa simu.

"Ataishi?" niliuliza.

"Tunajaribu."

"Atakuwa yule yule?"

Akafunga jalada lake na kuniambia nikale kitu.

Jumapili, 26 Januari

Baba amekuja na uji. Nimemtazama Tufaha akipumua. Kila anaponyamaza namwekea kiganja puani.

Jumatatu, 27 Januari

Dawa imefika. Sindano. Alilia, nami nikafurahi kusikia kilio. Kisha akaacha kulia, nikaogopa.

Jumanne, 28 Januari

Hivyo hivyo. Sijalala.

Jumatano, 29 Januari. Tabora

Asubuhi mvua ndogo, tulivu. Tumehamishiwa chumba chenye baraza. Hakuna degedege tangu jana mchana. Anageuza kichwa akisikia sauti. Bado hajasema neno.

Niliiona mvua nikafikiria lundo. Liko pale pale.

Asubuhi na mapema mama mkwe amefika kwa treni. Amekonda usoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akakaa barazani mbali na kitanda, mikono yote ndani ya khanga. Akanieleza.

Jumamosi asubuhi, kabla wanawake hawajaenda kuchota, Ngollo alikwenda kisimani akiburuta mzoga wa mbwa. Akautumbukiza. Akafuatisha miiba, magogo, na ndoo za uchafu wa chooni kwetu, moja baada ya nyingine, mpaka hapakuwa na mtu wa dini yoyote ambaye angeweza kuyagusa maji yale. Watu walipokusanyika wakimtukana, alipanda juu ya ukingo akapanua mdomo kwa vidole viwili. "Tazameni!" alisema. "Kisha kila mtu amtazame mwenzake!" Mama mkwe anasema mtu mmoja alimgeuza mkewe kwenye jua, na mwingine mtoto wake, kisha kilio kikaanza upande huu na upande ule. Masele aliwatazama watoto wake sita. Akakaa chini.

Mchana mgambo wakaja kumchukua Ngollo. Wamempeleka wilayani kwa kosa la kuharibu mali ya kijiji. Watu wameanza kwenda kwenye visima vya mahame yao na madebe. Hakuna aliyewazuia bado. Kabla ya kuchukuliwa Ngollo aliagiza Limbu aletwe hospitali, na jana wamempandisha kwenye gari la tumbaku.

"Ngollo alipochukuliwa alisema nini?" niliuliza.

"Alisema nimwambie mwalimu kwamba pale kwenye mkutano alijua anachokunywa."

Niliandika kuwa ni mwoga. Sifuti. Siku ile ilikuwa kweli. Sijui atafungwa muda gani, na sijui nitamwambia nini.

Muuguzi akapita akasema mtoto lazima anywe, kidogo kidogo, kila mara. Akaacha kikombe na kijiko. Niliinuka kukichukua, kichwa kikazunguka, nikashika ukuta.

"Mama," nikasema, "mnyweshe."

"Siwezi."

"Mama."

"Mikono hii?" Aliitoa kwenye khanga, akanionyesha kama kitu cha mtu mwingine. "Mikono hii, Khole? Nilimlambisha kwa vidole hivi. Nilikuwa nikimwona anavyopenda, namwongezea."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Nilichukua kikombe, nikaenda nikampa, nikamfunga vidole vyake kwenye mpini wa kijiko. Nilitaka sana kubaki nimesimama pale nitazame kila kijiko. Nikarudi kwenye mkeka.

Ninaandika nikiwa nimelala ubavu. Anamnywesha. Maji yanamwagika shingoni kwa mtoto, anayapangusa kwa ncha ya khanga, anaanza tena. Tufaha anameza. Ninamsikia akimeza.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nalala.